Pipa Letu Halijai

3 Novemba
Daftari hili nilitoka nalo shuleni mwaka niliostaafu. Juu limeandikwa Maandalio ya Masomo. Somo la kuandaa sina tena, basi nitaandika humu mambo ya nyumba mpya mpaka mvua ziishe, magoti yakiniruhusu.

Leo tumeletewa mapipa ya taka. Kila nyumba mpya kwenye viwanja hivi vilivyopimwa lazima inunue pipa la halmashauri, la plastiki, la kijani, lenye namba ya kiwanja ubavuni. Shilingi elfu sitini. Ukisema utanunua la dukani, halitambuliki. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba za zamani, hawalipi kitu, na kizimba chao cha taka kiko pale pale kinanuka. Nimemuuliza Gwamaka, mtendaji wetu wa mtaa, sisi tumekosa nini.

"Mwalimu, mimi nimeletewa waraka tu," akasema, akanipa namba ya malipo.

Nimelipa. Nimewafundisha watoto wa watu kufuata utaratibu kwa miaka thelathini na sita, siwezi kuanza ubishi na magoti haya.

4 Novemba
Joto. Mawingu yanatokea upande wa Zambia, yanasimama, yanarudi yalikotoka.

9 Novemba
Mama amefika kutoka Ruanda, kijijini kwetu Mbozi. Ana kuku mmoja, debe la maharage na jembe. Nimemwambia hapa Tunduma hatuna pa kulima, ni ua tu na ukuta. Akasema basi atalala nalo chini ya kitanda, na kweli kaliweka huko.

Kwa mdogo wangu Asajile hakai tena. Chakula kilikuwa kinachelewa kumfikia. Siku moja nilimkuta anakula chakula baridi peke yake stoo, kati ya magunia ya mahindi, na mke wa Asajile yuko sebuleni anatazama tamthilia. Sitaki kuandika zaidi. Atakaa hapa mpaka mwisho wake.

Mama huniita mwalimu. Alianza nilipopata ajira ya kwanza, hajaacha. Mwalimu amesema, mwalimu hapendi. Huwa najisikia vizuri akiniita hivyo mbele ya watu.

12 Novemba
Wamenichagua katibu wa kamati ya usafi ya mtaa. Sababu waliyotaja ni mwandiko wangu.

14 Novemba
Siku mbaya. Nilikuwa ndani natafuta miwani nikasikia watu wanapiga kelele uani. Pipa linawaka. Mama alikuwa amezoa majivu ya jiko la nje, jiko la kuni ambalo lazima apikie hata gesi ikiwepo, akayamimina kwenye pipa. Ndani yake kulikuwa na kaa la moto. Ruanda majivu huenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo la migomba, na hakuna kitu pale cha kuungua. Plastiki iliyeyuka ikafanya tundu la ukubwa wa sahani, moshi mweusi, majirani na ndoo zao. Siku mbili tu baada ya kuchaguliwa katibu wa usafi.

Niliona aibu, nikamsema mama. Nilisema mengi. Nikamalizia kwa kumwambia akiendelea hivi nitamrudisha kwa Asajile.

"Nimesikia, mwalimu," akasema, akaenda kuokota vipande vya plastiki.

Gwamaka anasema pipa likiungua unanunua jingine kwa bei ile ile. Nimelipa tena. Jioni mvua ya kwanza, robo saa.

20 Novemba
Gari la taka lilipaswa kupita kila Jumanne. Limepita mara moja.

28 Novemba
Mvua siku ya nne. Gari halipandi kilima hiki kwa tope, wala sidhani limejaribu. Mapipa ya wenzetu yamefurika, mbwa wanachambua. La kwetu halijafika hata nusu. Kwenye kikao cha kamati nimewaambia ukweli, kwamba taka ni tabia, na anayetaka kujifunza aje aone kwangu. Wamenitazama, wakatazamana. Nadhani yamewaingia.

2 Desemba
Leo nilikuwa na kazi ya kupita kwa wasiolipia mapipa. Amebaki mmoja, Nikodemo, wa kiwanja kilicho nyuma ya ukuta wetu. Huyu anashona maturubai ya malori yanayopanga foleni mpakani. Ni Mnamwanga, lakini mama yake ni wa Mlowo, kwa hiyo Kinyiha anakijua kama sisi. Yeye na mkewe Nesta bado wamepanga mjini. Nyumba yao imefika usawa wa renta, juu ya madirisha, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Mbao zimeshalala pale, bati bado.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya pipa."

"Mwalimu, nyumba haina bati. Hizo taka atazitoa nani, popo?"

"Waraka unasema nyumba mpya."

"Ikiisha itakuwa mpya. Sasa hivi ni kuta tu. Nikitoa hela ya pipa, bati zitapungua. Na udongo huu ukinyeshewa mwezi mzima bila paa unalegea wote, hapa patabaki rundo la matofali." Alibonyeza udongo kati ya matofali kwa kidole gumba, ukaingia. "Niache niezeke kwanza. Nikihamia, nalipa siku hiyo hiyo."

Nimeandika kwenye orodha: amekataa. Mjuaji sana kijana huyu.

5 Desemba
Mvua. Magoti.

9 Desemba
Nimeijua siri ya Nikodemo. Nilikwenda kumkumbusha, sikumkuta, nikazunguka nyuma ya nyumba yake. Kachimba shimo la kufika kiunoni na ndani yake kuna maganda ya viazi, majivu, maganda ya maharage, na makaratasi yaliyolowa. Mtu asiye na taka! Sheria ya viwanja hivi inakataza mashimo ya taka kabisa, hata watoto wa mtaa wanajua.

Nilimsubiri mpaka alipokuja.

"Hizi taka ni za nani?"

Alilitazama shimo, akatazama ukuta wetu, akajikuna kichwa. "Ni zangu, mwalimu."

"Uliniambia nyumba yako haitoi taka."

"Basi inatoa," akasema, na akatabasamu kidogo. Tabasamu lile limenikera kuliko shimo lenyewe. Nilifundisha watoto wa namna hii, ukimkamata na kosa anacheka.

10 Desemba
Nimeandika taarifa ya kurasa mbili kwa mtendaji. Gwamaka amesema hajawahi kupokea taarifa iliyopangiliwa vile.

16 Desemba
Wamekuja na rangi nyekundu. SIMAMISHA UJENZI, ubavu wote wa mbele. Nikodemo alikuwa ameshaongea na mafundi wapaue Jumamosi hii, na bati zimeshushwa jana. Zuio halitoki mpaka alipie pipa na faini, kisha asikilizwe. Na wa kumsikiliza wameanza likizo ya Krismasi, watarudi Januari.

Sikutegemea itakuwa kali hivyo. Nilidhani wataonya.

17 Desemba
Mvua.

18 Desemba
Mvua.

19 Desemba
Mvua, na upepo. Mama ameuliza mara tatu lini wale watu wa rangi watarudi. Nimemwambia hayo si mambo yake.

25 Desemba
Krismasi. Kanisani tumekaa nyuma kwa sababu ya miguu ya mama. Alipokuwa msichana alikuwa anatembea kutoka kwao mpaka Mbozi Mission kwa ibada na kurudi, leo hatua kumi zinamchosha. Tulipofika nyumbani akapika kuku wake yule aliyekuja naye. Akatenga sahani moja, akaifunika.

"Hii ya nani?"

"Ya yule kijana wa nyuma. Leo yupo, anafunika kuta zake."

"Mtu anatupa taka ovyo, halafu tumpelekee kuku?"

"Sawa, mwalimu."

Akafunua sahani, akarudisha nyama sufuriani kipande kimoja kimoja. Yeye mwenyewe hakula. Nilidhani ni tumbo.

29 Desemba
Nesta na mumewe wamefunika kuta kwa vipande vya maturubai mabovu, wamevishona vikawa kama kanga moja ndefu yenye viraka. Upepo unavifunua, wanafunika tena. Nilimsalimia Nesta juu ya ukuta. Hakuitika. Nikodemo aliitika, akaniuliza na hali ya bibi.

Huyu mtu simwelewi. Mimi ndiye niliyemwandikia, na anajua.

2 Januari
Pipa letu bado halijafika nusu. Kuna taka za Krismasi nzima, manyoya ya kuku, maganda, na bado pipa jepesi kama halina kitu. Nimelitikisa. Nimesimama pale nalitazama mpaka mama akaniita ndani, chai inapoa.

6 Januari
Ukuta wa Nikodemo umeanguka.

Ilikuwa saa saba mchana, mvua kubwa. Nilikuwa nasahihisha muhtasari wa kamati, mama yuko jikoni anasonga ugali. Tukasikia mshindo mzito, kisha matofali yanaporomoka moja moja. Kabla sijainuka, mama alishatoka. Bibi wa miaka themanini na mbili, bila ndala, bila mtandio, mwiko mkononi. Nilimkimbilia kadiri ya magoti yangu. Nilipofika kwenye kiwanja cha nyuma nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, anaokota matofali na kuyapanga, moja juu ya jingine, kana kwamba atamaliza leo. Analia kwa sauti. Anamwambia Nikodemo kwa Kinyiha amsamehe, amsamehe, amemvunjia nyumba.

Nikodemo alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemshika mikono. "Bibi, acha. Bibi, utaumia. Ni udongo tu huu."

"Mama, unaomba msamaha wa nini?" nikauliza.

Aliniangalia kama mwanafunzi aliyefumaniwa, na kwa kweli nimeshaona macho hayo mara nyingi, ila hayakuwa macho ya mama yangu. Nikamgeukia Nikodemo.

"Mwalimu, tumpeleke ndani kwanza, analowa."

"Niambie hapa."

Akashusha pumzi. "Taka za kwenye shimo ni za kwenu. Bibi alikuwa anazileta asubuhi, ukienda sokoni au kwenye vikao vyako. Kwenye beseni, kafunika kitenge. Shimo nililichimba la migomba, nikamwambia aweke tu, majivu na maganda ni chakula cha migomba. Tulikubaliana mashina mawili ya kwanza yatakuwa yake."

"Na pipa tunalo! Nimelinunua mara mbili!"

"Analiogopa," akasema Nikodemo.

Hapo ndipo mama aliposema. Alisema polepole, macho kwenye tope. "Lile pipa nililichoma. Ulisema nikikosea tena unanirudisha kwa Asajile. Sasa najuaje kipi kinaingia na kipi hakiingii? Nikaona bora nisiweke kabisa. Kwa Asajile sitaki, mwalimu. Nitapika, nitafagia. Stoo sitaki."

Mvua ilikuwa inaninyeshea puani na mdomoni na nilishindwa kusogea. Nilitaka kusema sikumaanisha. Lakini mtu wa miaka themanini na mbili angejuaje kwamba sikumaanisha? Nilikuwa sijamwambia.

Nikamuuliza Nikodemo, siku ile ya shimo, kwa nini alisema taka ni zake.

"Bibi alinisihi. Nikadhani ni onyo la wiki moja, mwalimu. Sikujua utaandika kurasa mbili." Hakulisema kwa ubaya. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne. "Na hizi zilikuwemo. Wale wa rangi walipokuja kuchokora shimo kutafuta jina la mtu, nilikuwa nimeshaziokota."

Ni karatasi za maandalio ya somo, Hisabati, darasa la nne, wino mwekundu pembeni. Mwandiko wangu, ule wanaousifia.

Nesta amekuja mbio kutoka upande wa maturubai, tumemwingiza mama ndani mimi na yeye. Tumemwosha miguu kwa maji ya moto. Nesta hajaniambia neno, na sikumwomba aniambie. Ugali uliungua.

7 Januari
Nimerudi nyuma kusoma niliyoandika Novemba. "Nilisema mengi." Sikuandika nilisema nini, na sasa nakumbuka yote. Nilimwambia ni mshamba. Nilimwambia ananitia aibu kwa watu wenye akili. Halafu nikaandika habari za mvua, robo saa.

Na kila alipojibu "sawa, mwalimu", mimi nilisikia heshima. Nimefundisha miaka mingi hivyo na sikuweza kutofautisha heshima na woga. Najiuliza ni watoto wangapi waliniitikia vile.

Nimechoka. Si magoti.

8 Januari
Mama ana homa. Zahanati wamesema ni baridi ile, wamempa dawa. Nikodemo amekuja kumwona, amekaa kwenye stuli mlangoni, wamepiga soga za Mlowo ya zamani mpaka mama akacheka. Na mimi hanichekei. Ananishukuru kwa kila kitu, hata kwa glasi ya maji.

10 Januari
Homa imeshuka. Kesho ni mkutano wa mtaa. Nilimwambia Gwamaka habari yote asubuhi ya leo, ofisini. Amefunga mlango.

"Mwalimu, tuyamalize hapa. Nitaandika kwamba uchunguzi umeonyesha taka ni za wapita njia. Zuio litatoka, na jina lako halitaguswa."

Nusura nikubali. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili limeshasoma uongo wangu mwingine. Nilikaa kwenye kile kiti nikafikiria watu wote niliowaambia taka ni tabia.

11 Januari
Nimesimama mkutanoni. Nimesoma taarifa yangu ya tarehe kumi Desemba, neno kwa neno, kurasa zote mbili, kisha nikasema kila palipoandikwa Nikodemo wasome Jenista, jina langu. Taka ni za nyumba yangu. Mama hana kosa, ndiye aliyeletwa kwenye nyumba asiyoelekezwa, akatishwa. Nikodemo alijua na akatusitiri, na ukuta wake umeanguka kwa kalamu yangu.

Kulikuwa na kicheko pale nyuma. Mtu mmoja akasema, "Sasa tumejua kwa nini pipa la katibu halijai." Wakacheka wote, na ilikuwa halali yao. Nimekabidhi faili la kamati. Nesta alikuwa amekaa mstari wa mbele, na nilipopita akasogeza miguu nipite, akasema, "Shikamoo."

Faini nimelipa. Na pipa la kiwanja cha Nikodemo pia, ambalo bado halina nyumba.

19 Januari
Zuio limetolewa. Wamepaka chokaa juu ya maandishi, lakini mvua ikinyesha wekundu unarudi.

25 Januari
Kuta tatu zimebaki. Wameweka nguzo za miti upande ulioanguka, wamepaua hivyo hivyo. Leo bati zimepigwa misumari kutwa nzima. Mama kakaa uani ananyoosha shingo, anahesabu bati. Usiku mvua imenyesha na tumeisikia ikigonga bati zao.

14 Februari
Mvua. Mama ameniuliza kama ganda la yai linaingia kwenye pipa. Nimemwambia, "Mama, weka unachotaka, lichome hata liishe, hapa ni kwako na hakuna wa kukutoa." Akasema, "Asante, mwalimu." Akalishika lile ganda mkononi mpaka nilipoondoka.

3 Machi
Nimejaribu tena. Haisaidii kusema. Nilimtisha siku moja na kumtoa hofu kumechukua msimu mzima.

17 Machi
Gari la taka limekuja. Watu walitoka nje kulitazama.

6 Aprili
Nikodemo na Nesta wamehamia, ukuta wa nne ni turubai mpaka kiangazi kitakapoingia. Gwamaka amepita, akasema shimo la migomba lenye majivu na maganda halina shida maadamu limepandwa, karatasi na plastiki ndizo marufuku. Nimemuuliza alilijua hilo tangu lini. Akasema angeulizwa angejibu.

Mashina mawili ya mwanzo yameshatoa majani mapya.

21 Aprili
Leo jua, nadhani mvua ndiyo zinaaga. Asubuhi nilizoa majivu mwenyewe kwenye debe, nikamwambia mama tuyapeleke. Amechukua lile jembe lake la chini ya kitanda, analitumia kama mkongojo, tukazunguka ukuta polepole, mimi na magoti yangu, yeye na miguu yake. Tulipofika kwenye migomba nikainua debe nikamwaga kwa mkupuo, na majivu yote yakanirudia usoni, kwenye miwani, kinywani.

"Jenista!" mama akafoka. "Umezaliwa wapi wewe? Upepo unatoka huku, unamwaga huku! Hivi ndivyo nilivyokufundisha? Lete hapa."

Akaninyang'anya debe. Nesta, aliyekuwa anafua, akainama kuficha kicheko. Mama akafukia majivu yaliyobaki kwa jembe, akiendelea kunisema, kwamba sijui kuzoa, sijui kumwaga, na jiko nimeliacha chafu nusu. Nilikuwa sijaitwa jina langu na mama tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Nilifuta miwani, nikarudi kuzoa yale niliyoyaacha jikoni.